Kwa Mama Mkwe, Mgonjwa wa Mtihani

Mpendwa mama mkwe,

Wiki hii hospitali yetu iko kwenye mitihani. Nilijua bila kuambiwa, kwa sababu nilipopeleka kabeji jikoni kwao asubuhi niliwakuta wanafunzi wamejipanga kwenye ule ukuta mfupi wa nje, makoti meupe yamepigwa pasi, kila mmoja midomo inamcheza kwa kukariri, na hakuna aliyekuwa akicheka. Daktari Muthomi aliniona nikishusha magunia, akaja kunisalimia. Akaniuliza kama huku kwetu Manyatta kuna mtu mwingine mwenye moyo kama wako. Nikamwambia mioyo ya namna hiyo haiuzwi sokoni. Alicheka kidogo, akaenda zake. Nami nilirudi nyumbani nikaona heri nikuandikie, maana kuna mambo yaliyotokea baada yako ambayo sidhani kama kuna mtu amekueleza sawasawa.

Hasa ni jambo moja. Uliniachia neno, na nilipaswa kulifikisha kwa watu ambao hawakutaka kulisikia. Nataka ujue lilivyokwenda.

Lakini nianze mbali kidogo. Wewe na mimi hatukuanza vizuri, tusidanganyane. Nilikuja kwako kutoka Meru, binti wa mama anayeuza ndizi soko la Gakoromone, na wewe ulikuwa umeshamchagulia mwanao Njeru msichana wa kwaya wa hapo hapo kijijini. Hukunificha. Siku ya kwanza ulinisikiliza nikizungumza na simu, ukangoja nikamaliza, ukasema, "Ninyi watu wa Meru mnaongea kama mnagombana." Nikakuambia hatugombani, tunaongea tu. Ukasema, "Ndiyo hiyo sasa." Nikaenda nyuma ya nyumba nikakata kuni ambazo hazikuhitaji kukatwa.

Hospitali ndiyo iliyotupatanisha. Uchungu uliponishika, Njeru alikuwa Embu mjini akijenga nyumba ya mtu, kwa hiyo ni wewe uliyenipeleka. Tulipofika tukaambiwa wodi ya wazazi iko juu, tupande ule mteremko wa saruji wanaopandishia vitanda. Mimi mwenye tumbo nilipanda. Wewe ulifika katikati, ukashika chuma cha pembeni, ukasimama, midomo imekuwa kama umelamba wino. Mwanafunzi wa uuguzi aliyekuwa amenishika mkono aliniachia akakukimbilia. Nikapiga kelele, "Mgonjwa ni mimi!" Nawe ukamwambia vile vile, "Mgonjwa ni yeye!" Hakumsikiliza yeyote kati yetu.

Jioni hiyo mimi nilikuwa juu na mtoto wa kike kifuani, na wewe ulikuwa chini, wodi ya wanawake, na mpira wa oksijeni puani. Majirani walioleta ucuru, ule uji wa mzazi, iliwabidi waugawe, nusu kwangu na nusu kwako, na kijiji kizima kikacheka kwamba mkwe na mkaza mwana wamejifungua siku moja. Mtoto tukampa jina lako, Wawira, kama desturi ya huku inavyotaka kwa binti wa kwanza. Ulipoletewa umwone ulimtazama sana, ukaniambia, "Amechukua pua yenu. Lakini ni mzuri." Kwako wewe hiyo ilikuwa sifa kubwa, na niliipokea.

Daktari Muthomi ndiye aliyetueleza ugonjwa wako. Alisema ndani ya moyo kuna milango, na mmoja wa kwako ulikuwa umekazana, haufunguki vizuri, kwa hiyo damu inapita kwa kujisukuma na mapafu yanajaa maji. Alisema mara nyingi huanza utotoni, kwa koo linalouma ambalo halikutibiwa. Ulijaribu kukumbuka ni koo lipi. Ukasema, "Sisi wote tulikuwa tunaumwa koo. Tulikuwa tunapewa limau, tunatumwa shamba." Akasema pia kwamba kwa umri wako na hali yako, upasuaji ungekuwa na hatari kuliko faida, basi ni vidonge kila siku na kliniki bila kukosa. Ulikubali upesi, hata mimi nikashangaa. Nadhani ulifurahi kwamba kitu hicho kina jina.

Hapo ndipo ulipoanza ualimu wako.

Unajua hospitali ile ilivyo. Si ya serikali na si ya tajiri fulani. Ni ya kanisa na watu wa huku, ilianza na chumba kimoja, na kinachopatikana kinarudi humo humo, kwa dawa na vitanda na kwa mgonjwa asiye na kitu. Na inafundisha. Wauguzi na matabibu unaokutana nao kwenye zahanati kutoka Kiritiri kwenye joto hadi kwetu Meru kwenye baridi, wengi wametoka pale. Maisha yetu yameshikana nayo kiasi kwamba hatuioni tena. Wanafunzi wanapanga vyumba kwetu, jikoni mwao wananunua maziwa yetu na kabeji zangu, vijana wetu wa kanisa wanatoa damu, na Jumapili nusu ya kwaya ni wauguzi. Lakini mtu wa huku akilazwa, akaona kundi la makoti meupe limezunguka kitanda chake, anajifunika hadi kichwani. "Hawa watoto wanajifunzia kwetu." Maneno hayo nimeyasikia kanisani, sokoni, hata kwa watu ambao watoto wao wenyewe wanasomea pale.

Nakumbuka yule mama wa kitanda cha pembeni aliyemfukuza mwanafunzi. "Mimi nataka daktari, sitaki mtoto!" Kijana wa watu akasimama, hajui aende wapi. Wewe ulikuwa na mpira puani, hutakiwi hata kuongea. Ukajiinua kwa kiwiko, ukamwambia, "Sasa unataka wajifunzie wapi? Kwa mbuzi?" Wodi nzima ikacheka, na yule mama naye akacheka, akafungua vifungo vya blauzi akasema haya, njoo. Daktari Muthomi alikuwa mlangoni. Nadhani ndipo alipoona amepata mtu.

Tangu hapo, kila mitihani ikifika simu ilikuja kwangu. "Mama Wawira, mwalimu wetu anaweza kuja?" Walikuita mwalimu kwa utani mwanzoni, baadaye utani ukaisha. Tulikuwa tukienda pamoja, wewe na gauni lako la buluu la kanisani, ambalo ulivaa ili tu ulivue ukifika. Walikupa kitanda safi karibu na dirisha, na mwanafunzi mmoja mmoja akaja kukusikiliza kifua, kisha akaenda kumweleza Muthomi alichosikia. Sheria ilikuwa moja: mgonjwa hataji ugonjwa. Niliwaona wakikuomba kwa macho. Hukuwahi kuteleza hata kidogo. Uliwatazama tu kama mtu anayengoja duka lifunguliwe.

Lakini ulikuwa na mtihani wako pia. Anayekuja bila kusalimia, unajivutia shuka hadi shingoni. Mwenye mikono baridi, unamwambia akaipashe kwanza. Muthomi aliujua huo mtihani wa pili, na akiona shuka limevutwa alikuwa akitazama karatasi yake akiandika kitu. Siku moja nilikuuliza kama huoni haya, kufungua kifua mbele ya watoto wa watu mwaka hadi mwaka. Ukasema haya ilikuwa siku ya kwanza tu. "Siku ya pili ni kazi."

Yule unayempenda, Igoki wa Kiritiri, alikuja kwako siku ya mtihani akitetemeka. Hakusalimia. Akakuwekea stethoskopu kifuani, akafunga macho, akasikiliza sana, akatikisa kichwa kama daktari mkubwa. Nawe ukamwambia polepole, "Mwanangu, ingiza masikioni kwanza." Ncha za masikioni zilikuwa bado zinaning'inia shingoni. Binti wa watu alitaka kulia. Hukumcheka. Ukamshika mkono ukamuuliza mama yake hajambo, mvua imenyesha Kiritiri, mbuzi wanapata majani? Akajibu, kidogo kidogo pumzi ikarudi. Ukamwambia, "Sasa sikiliza. Na usiseme kitu hujasikia." Alisikia, nasi tulijua amesikia, kwa sababu uso wake ulibadilika. Alipofaulu alikuja nyumbani na mfuko wa pojo kutoka kwao, na akaendelea kuja hata baada ya kuajiriwa hapo hapo hospitalini.

Neno lako ulilisema baada ya mtihani uliokuwa wa mwisho kwako, ingawa hatukujua. Wanafunzi walikuwa wametoka. Ulikuwa unakunywa chai na ndizi waliyokuletea, mimi nakunja nguo zako, Daktari Muthomi amekaa ukingoni mwa kitanda cha jirani amechoka.

Ukamuuliza, "Daktari, hii kitu mnasikiliza, wewe umewahi kuiona?"

Akasema ameiona kwenye ile mashine ya picha. Ukamwambia picha ile nawe uliiona, ni mawingu tu yanatembea. "Nauliza kwa macho."

Akasema kwa macho hapana, haiwezekani kwa mtu aliye hai.

Ukatafuna, ukameza, ukasema, "Basi nikifa fungueni, hawa watoto waone. Wamesikiliza ukutani vya kutosha."

Hakucheka. Akakuuliza mara ya pili kama unajua unachosema, ukajibu, "Nimesema. Mama Wawira amesikia." Kisha ukaomba sukari zaidi, ambayo ulikuwa umekatazwa.

Kule kwenye korido Muthomi aliniambia kwamba neno lako amelishika, lakini siku ikifika familia ndiyo itakayokubali au kukataa. Nikamwambia siku hiyo iko mbali. Njiani nikakuuliza kama utawaambia Njeru na shemeji yako mzee Nyaga. Ukaangalia nje ya dirisha kama hukusikia. Tulipofika nyumbani, ukiwa unashuka, ndipo uliponijibu: "Si wewe uko?"

Mama, sikujua ulikuwa umenibebesha nini.

Ulifariki wodini asubuhi, mvua ikinyesha, kabla hawajaleta uji. Igoki alikuwa zamu. Ndiye aliyekufunga macho, na ndiye aliyenipigia simu, akaniambia "mama" kisha akashindwa kuendelea, na kwa kushindwa huko nikajua. Sitasema mengi kuhusu siku hiyo. Nililia mbele ya ng'ombe, kwa sababu ndio waliokuwa karibu. Njeru hakulia. Alichukua tindo akaenda kuchonga jiwe ambalo halikuwa la nyumba yoyote.

Asubuhi iliyofuata nilimwambia neno lako. Akasema, "Tutaona." Njeru akisema tutaona, unamjua, amesimama njia panda na hataki kuulizwa.

Jioni kamati ya mazishi ilikutana nyumbani, kama kawaida ya huku, viti vya kanisa uani, chai na mandazi, nyimbo mbili kwanza. Mzee Nyaga ndiye aliyekuwa kichwa cha boma tangu baba mkwe alipofariki, na ni mzee wa kanisa, kwa hiyo hakuna aliyeuliza nani aendeshe. Waligawana kazi. Nani aende mochari, nani achimbe, kwaya gani iimbe. Sisi wake wa boma tulikuwa jikoni na tukitoka tunatoka na birika. Nilikuwa nikimimina chai huku namtazama Njeru, nikingoja aseme. Hakusema. Mzee Nyaga akasimama, akavua kofia, ili afunge kwa maombi. Nikaona kikao kikifungwa hapo, neno lako nalo limefungwa kabisa.

Nikasema, "Baba, kabla ya maombi."

Nikawaambia ulichosema, maneno yako yenyewe, na mbele ya nani. Hakuna aliyegusa kikombe.

"Hapana," mzee Nyaga akasema. "Hiyo maneno isirudiwe hapa. Mke wa ndugu yangu hawezi katwa na watoto wa shule. Tunazika mtu, hatuziki vipande."

Sauti moja nyuma ikasema huenda hospitali inatafuta kitu cha kuficha. Nyingine ikasema huenda ni kitu cha kuuza. Watu wale wale, mama, ambao watoto wao wamezaliwa pale.

Mzee akaniuliza, bila ukali sasa, jambo lililoniumiza kuliko ukali. "Kwa nini akuambie wewe, asituambie sisi? Sisi ndio wenye boma."

Nikamjibu, "Kwa sababu mimi ndiye nilikuwa nampeleka kliniki, baba."

Sikukusudia kumpiga nayo, lakini ilitoka kwa ile sauti ya Gakoromone, na ua mzima uliisikia. Mmoja wa wale wake wa boma akanivuta kitenge kwa nyuma ninyamaze. Sikunyamaza. Nikasema, kama hamniamini mpigieni daktari. Nikasema mkimzika bila kufanya alichosema, imbeni ninyi, mimi sitaimba.

"Unatutisha?" mzee akauliza.

"Sitishi, baba. Naogopa."

Na ilikuwa kweli. Niliogopa kwamba kesho nitaambiwa nirudi kwetu. Niliogopa zaidi kwamba utashushwa kaburini na mimi peke yangu nikijua kwamba hatukukusikiliza. Nimeolewa huku, nimezaa huku, na bado jioni ile nilijiona mgeni aliyeingilia kikao cha watu.

Ndipo Njeru aliposimama. Alisimama kama anavyonyanyua jiwe, polepole. Akasema, "Aliyesema ni mama yangu. Mimi nitaweka sahihi." Akakaa. Hayo tu. Tangu tuoane sijawahi kumpenda mtu yule kama nilivyompenda pale, na yeye alikuwa anatazama viatu.

Mzee Nyaga akaigeuza kofia mkononi. Akasema, "Basi mimi nitaingia. Nitasimama hapo ndani mpaka waishe. Kila kitu watatoa kirudi. Moyo urudi mahali ulikuwa. Nikiona kimebaki kitu kwa sahani, hakuna mazishi." Kisha akaomba. Aliomba kwa ukali, kama anayemshtaki mtu kwa Mungu, na mtu huyo nilijua ni nani.

Daktari Muthomi alikubali kila sharti. Alisema atakayepasua ni daktari mtaalamu, wanafunzi watasimama tu na kutazama, na kwamba sala itaanza kabla ya kazi, akaomba mzee Nyaga mwenyewe ndiye aiongoze. Tulikwenda siku mbili kabla ya mazishi. Njeru alifika mlangoni akarudi nyuma, tukakaa naye kwenye benchi la nje, karibu na pale wanapoanika mashuka. Mzee Nyaga akavalishwa gauni la kijani na mabuti ya mpira. Alinipa kofia yake nimshikie, bila kunitazama. Wanafunzi waliingia nyuma yake mmoja mmoja, na Igoki kati yao, ameomba ruhusa kazini.

Tulisikia wimbo. Halafu hatukusikia kitu. Njeru alikuwa akivunja kijiti vipande vidogo vidogo. Mimi nilikuwa nawaza kwamba kama nimekosea, nimekukosea mahali pabaya kabisa, na hakuna kurudi. Nilikumbuka ukila ndizi ile. Nikajiuliza kama labda ulisema tu, kama watu wanavyosema mambo wakiwa wameshiba. Nakwambia ukweli, kwenye benchi lile niliyumba.

Wanafunzi walitoka kwanza. Nilitegemea watoke wakiongea, maana wao huongea hata wakila. Walitoka kimya, wakaenda kusimama kwenye nyasi, na Igoki akapiga magoti kando ya benchi akaniambia, "Alituonyesha, mama. Sasa nikisikia najua nasikia nini." Akalia, nami nikalia.

Mzee Nyaga alitoka wa mwisho. Akanyoosha mkono, nikampa kofia, hakuivaa.

Njeru akamuuliza, "Baba mdogo, wamerudisha?"

"Wamerudisha."

"Umeona?"

Alitembea hadi kwenye pikapu, akapanda nyuma pamoja na jembe na kamba, ingawa mbele palikuwa na nafasi. Nyumbani alikataa chai niliyompelekea. Hadi siku ya mazishi hakunisemesha neno, na akinikuta mlangoni aligeuza uso. Nikajua nimeshampoteza, na kwamba boma lile sasa litakuwa na pande mbili kwa ajili yangu. Nilianza hata kupanga nguo za mtoto kichwani, zipi zibaki na zipi ziende. Njeru akaniambia ningoje. Yeye na kungoja.

Ungeyaona mazishi yako ungelalamika kwamba watu ni wengi na chakula hakitatosha. Kilitosha. Walikuja wanafunzi wa sasa na makoti yao meupe, na walikuja wale wa zamani ambao sasa ni watu wazima wenye zahanati zao, wengine kutoka Meru, wengine kutoka Mbeere, wamepanda magari tangu alfajiri. Wawira mdogo alishika picha yako kifuani akakataa kuiachia hata alipoketi. Daktari Muthomi alizungumza kifupi. Alisema kila mmoja wao, kabla ya kusikia moyo mgonjwa popote pengine, aliusikia kwako. Pasta akasoma. Halafu akaitwa msemaji wa familia, na mzee Nyaga akasonga mbele.

Alisimama ameshika kofia. Akasema hakuandika kitu.

"Huyu mama," akasema, "wakati ameolewa kwetu, ndiyo tulikuwa tunajenga hospitali. Wanawake walikuwa wanabeba mawe kutoka mtoni. Kila mtu na lake. Huyu alikuwa anabeba hatua kidogo anakaa chini. Anabeba, anakaa. Mimi nilikuwa kijana, nilikuwa nahesabu mawe. Mimi ndiye nilimwita mvivu. Wengine wakafuata. Jina hilo lilikaa na yeye miaka mingi. Ndugu yangu alitaka hata kumrudisha kwao kwa sababu ya hilo jina."

Mama, hukuwahi kuniambia. Miaka yote tuliyopanda pamoja ule mteremko wa hospitali, hukuwahi.

"Juzi nimeuona moyo wake," mzee akaendelea. "Daktari alinionyesha huo mlango. Ni kama tundu la kifungo cha shati. Damu yote ya mtu mzima ilikuwa inapita hapo. Nilijaribu kidole kidogo, hakiingii." Akainua kidole chake, watu wote wakakitazama. "Na alibeba. Hakubeba kama wengine, lakini hakuna siku alikataa. Huo ukuta wa kwanza uko na mawe yake. Mimi nilisimama hapo na kalamu."

Akageukia sanduku. Akakuita kwa jina lako, Wawira, ambalo sikuwahi kumsikia akilitaja, kwa sababu kwake ulikuwa mke wa ndugu tu. Akasema, "Nisamehe." Halafu akanigeukia mimi mbele ya watu wote, akainamisha kichwa, wala hakusema kitu, na mimi sikuhitaji aseme.

Walipokushusha, vijana walichukua sepetu kama desturi. Mzee Nyaga akavua koti, akampokonya mmoja sepetu, akaanza kufukia. Mtu wa umri wake hafukii, mama, unajua. Njeru alitaka kumzuia, nikamshika mkono. Alitupa udongo, akatupa tena, bila kumtazama mtu, mpaka pumzi ikamwishia. Akajishikilia kwenye mpini, akakaa chini kwenye udongo kando yako. Kwaya ikakatika. Hakuna aliyechukua lile sepetu. Wanafunzi, pasta na Biblia yake, boma zima, tulisimama kimya tukamngoja apumzike.

Pumzika nawe, mama.

Mkaza mwanao,
mama wa Wawira